Mamba Ana Wakili, Mtu wa Ziwani Hana

Kila kunapopambazuka hapa Butimba, kabla jua halijapanda juu ya mawe ya Mwanza, utawaona watu wakishuka ziwani. Huyu ana ndoo, yule ana nyavu, mwingine amebeba nguo za kufua. Mtoto akitangulia mbio majini, mama humwita kwa ukali arudi. Hamkemei kwa sababu maji ni ya baridi. Amkemea kwa sababu ziwa hili lina wenyewe wengine, mamba na kiboko, nao hawapigi hodi. Tangu Ukerewe mpaka Sengerema, tangu Musoma mpaka ng'ambo ya Uganda, viko vijiji vingi vinavyomkumbuka mtu aliyekwenda kuchota maji, ikarudi ndoo peke yake.

Leo twataka kusema juu ya watu wampendao mamba huyo kuliko mama yule.

Kwanza tuweke jambo moja wazi, ili asitokee mtu wa kutusingizia. Sisi hatusemi ya kwamba mnyama ni takataka. Koo nyingi za kandokando ya ziwa zina miiko ya kutomgusa mnyama fulani, nazo zilikuwa nayo kabla Mzungu wa kwanza hajaliona ziwa letu. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliitangazia dunia huko Arusha ya kwamba Tanganyika itawatunza wanyama wake wa porini. Inasimuliwa ya kwamba Mwalimu huyo huyo alisema yeye mwenyewe hana hamu ya kumaliza likizo yake akitazama mamba, lakini ataka wabaki, maana ni mali ya nchi. Mwaka 2008 Bunge letu lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Kwa hiyo mtu ampigaye punda mwenye kidonda, au amfungaye ng'ombe miguu na kumtupa juu ya lori kama gunia la mahindi, huyo hatumtetei. Ametenda ubaya, na ubaya ni ubaya.

Ugomvi wetu ni na watu wa namna nyingine. Ni wale waliofanya huruma kuwa rungu. Wamechagua mnyama wa kulia machozi na mtu wa kutolia machozi, kisha wakaja kutufundisha utu.

Tazameni mpaka mambo yanavyoweza kufika. Huko Uingereza, katika kijiji cha Newchurch, palikuwa na familia iliyofuga simbilisi kwa ajili ya maabara za kutafiti dawa. Wapinzani wao walianza kwa mabango, wakaendelea kwa vitisho, na mwezi Oktoba 2004 wakaenda makaburini usiku wakafukua mwili wa kikongwe, mama mkwe wa mmoja wa wale ndugu, wakauiba. Kosa la marehemu lilikuwa ni kuoza binti katika nyumba ya wafuga simbilisi. Mabaki yake hayakupatikana mpaka mwezi Mei 2006, na mwaka huo mahakama ikawatia watu wanne gerezani, watatu kati yao kwa miaka 12 kila mmoja. Sisi tulio na makaburi ya wazee wetu nyuma ya nyumba twajiuliza: je, huruma inayofukua kaburi ni huruma ya namna gani? Simbilisi hakuomba mifupa ya bibi.

Watatuambia ya kwamba hao ni wachache, na wapenda wanyama wengi waliwalaani. Ni kweli, nasi twakubali. Lakini wako wengine ambao hawaibi maiti. Hao huvaa suti na kuingia mahakamani kwa adabu, na kwao ndiko twaona vizuri zaidi mizani yenye mawe mawili.

Katika jiji la New York kuna bustani ya wanyama iitwayo Bronx. Humo aliwekwa ndovu jike aitwaye Happy tangu mwaka 1977. Mawakili wakamtetea miaka mingi ili ahesabiwe na sheria kuwa mtu na aachiliwe kutoka kifungoni, na katika hoja zao wakaleta mfano wa watumwa waliokombolewa na mahakama zamani. Mwezi Juni 2022 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilikataa, majaji watano dhidi ya wawili. Majaji wawili walikuwa tayari kusema ndiyo.

Sasa sikilizeni habari ya pili ya bustani hiyo hiyo. Mwezi Septemba 1906 aliwekwa humo kijana wa Kongo, Ota Benga, katika nyumba ya nyani pamoja na sokwe mwekundu wa Asia, na watu wa New York wakaja kwa maelfu kumtazama na kumcheka. Waliomtetea walikuwa wachungaji weusi wa mji ule, na baada ya kelele zao alitolewa. Hakuona tena kwao. Mwaka 1916 alijiua kwa risasi huko Virginia. Wenye bustani waliomba radhi hadharani mwaka 2020, yaani miaka 114 baadaye.

Hatusemi ya kwamba mawakili wa Happy ndio waliomfungia Ota Benga. Hawakuwa wamezaliwa. Twasema hivi tu: anayetaka kuazima mateso ya mtu mweusi ili ayafanye ushahidi wa kesi ya ndovu, na akumbuke ya kwamba kwetu habari hizo si mfano wa kitabuni. Sisi tuliwahi kuwekwa upande ule wa waya. Hatupendezwi tukilinganishwa tena na waliokuwa ndani pamoja nasi, hata kama safari hii mlinganisho huo umeletwa kwa nia njema.

Tena mizani hii haikuanzia Marekani. Imetumika hapa hapa nchini kwetu. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuwahifadhi wanyama wa porini, yenye leseni za uwindaji na mapori ya akiba. Mwafrika aliyekuwa akiwinda kitoweo akawa mwizi katika pori la babu yake. Haikupita hata miaka kumi, na serikali hiyo hiyo, katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907, ikachoma vijiji na maghala ya chakula ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Waliokufa wanakisiwa kuwa kati ya 200,000 na 300,000. Sehemu kubwa ya nchi ile ikageuka msitu. Waingereza nao, katika miaka ya 1940, wakawahamisha wengi wa waliosalia kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na likapanuliwa pori lililokuwa limekwisha kupewa jina la mwindaji wa Kiingereza, Selous. Leo mgeni akifika huko husifu nchi ambayo haikupata kukaliwa na watu. Ilikaliwa, Bwana! Waulizeni Wangindo.

Na hao mabwana walipokutana London mwaka 1900 kupatana juu ya wanyama wa Afrika, pasipo Mwafrika hata mmoja mezani, walimwandika simba, chui, fisi na mamba katika orodha ya wanyama waharibifu wa kupunguzwa, na mayai ya mamba yavunjwe. Wajukuu wao leo watuambia kumgusa simba ni dhambi. Labda babu walikosea, labda wajukuu ndio wanaokosea. Sisi hatujapata kuulizwa, si na babu wala na wajukuu. Wala mtu asidhani ya kwamba kumpenda mnyama ni hati ya wema: serikali ya Hitler ilitunga sheria kali ya kulinda wanyama mwezi Novemba 1933, na twajua yote iliyowatendea binadamu.

Turudi nyumbani ziwani.

Ukisimama ufukoni Mwanza utakiona kisiwa cha Saanane. Jina hilo ni la mtu, Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi pale. Mwaka 1964 Serikali ilikichukua kisiwa ikafanya bustani ya wanyama ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Hatulalamiki juu ya kisiwa hicho. Watoto wetu huenda huko wakafurahi, na uamuzi ulikuwa wa Serikali yetu wenyewe. Lakini yafaa kukumbuka ya kwamba kabla ya swala palikuwa na mzee na jembe lake.

Nenda mbele zaidi, mpaka Rubondo. Kati ya mwaka 1966 na 1969 watu wa shirika la wanyama la Frankfurt waliwaleta huko sokwe 17 kutoka katika mabanda ya Ulaya, ili wamalizie maisha yao katika uhuru. Jambo jema kwa sokwe. Lakini wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi kisiwani walikuwa wamekwisha kuhamishwa ili kisiwa kiwe pori la akiba. Sokwe wa Ulaya akashuka na kufunguliwa mlango. Mvuvi wa Uzinza akafunga mizigo. Sokwe hao wana vitabu na filamu. Habari za wale waliohama tumeachiwa wazee wetu.

Na furu je? Msomaji wa Butimba amjua furu, samaki mdogo aliyewalisha babu zetu. Ziwa hili lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Uganda, sangara alitiwa ziwani, na wataalamu wa uvuvi wa siku zile walitaka furu waliwe na samaki mkubwa mwenye bei. Miaka ya 1980 sangara akajaa ziwa lote, na wataalamu wanakisia ya kwamba aina 200 hivi za furu zimepotea. Ni msiba ambao dunia haijaona mwingi mfano wake. Je, mmesikia maandamano ya furu London? Mmeona fulana yenye sura ya furu? Hamkuona, maana furu hana manyoya, hana macho makubwa, wala hapendezi pichani. Hapo ndipo tunapowakamata, maana kama kilio ni cha kiumbe, furu ni kiumbe. Kama kilio ni cha sura nzuri, basi tusiambiwe ya kwamba hiyo ni haki.

Sasa mamba. Mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama, ulioanza kazi mwaka 1975, ulimweka mamba wetu katika orodha ya kwanza ya ulinzi, kwa kuwa wawindaji ngozi walikuwa wamemmaliza mahali pengi. Baadaye alizidi tena, na masharti yakalegezwa kidogo. Watu wa Luganga, huko Uganda, mwambao huu huu wa ziwa letu, walikaa miaka na mamba mmoja waliyemwita Osama, ambaye kwa hesabu yao alikula watu zaidi ya 80. Mwaka 2005 alinaswa. Wanakijiji walitaka afe. Hakuuawa, alichukuliwa kwa gari mpaka shamba la mamba la Buwama akawe dume la kuzalisha, na shamba hilo hufuga mamba kwa ajili ya ngozi. Basi fikirini: kumwua kwa kuwa amekula watu wa Luganga haikufaa, lakini kuwafuga wanawe ili wawe mikoba ya wenye fedha yafaa.

Tutaje na simba. Mwezi Julai 2015 daktari wa meno kutoka Minnesota alimwua simba Cecil nje ya hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, baada ya kulipa, kama ilivyoandikwa, dola zipatazo 50,000. Dunia ikalia. Daktari akatishiwa kuuawa, akafunga duka lake kwa majuma kadhaa. Mwanafunzi mmoja wa Zimbabwe aliyekuwa akisoma Marekani, Goodwell Nzou, aliandika gazetini kule ya kwamba kijijini kwao simba ni hofu, wala si rafiki. Na huku kwetu, siku zile zile, kanuni za mwaka 2011 zilisema ya kwamba mtu akiuawa na mnyama wa porini, wafiwa hupewa kifuta machozi cha shilingi milioni moja, yaani kama dola 500 kwa thamani ya fedha ya wakati ule. Akiwa kilema wa maisha, nusu yake. Simba kwa 50,000, mvuvi kwa 500! Hesabu hii si ya wazungu peke yao. Nusu yake tumeiandika sisi wenyewe.

Mwezi Machi 2023 Baraza la Makabwela la Uingereza lilipitisha mswada wa kuzuia vichwa na ngozi za wanyama waliowindwa visiingizwe nchini mwao. Ukakwama katika Baraza la Malodi. Nchi yaweza kukataa kitu mlangoni pake, hiyo ni haki yake. Lakini huko huko Scotland kila mwaka mabwana hulipa fedha wapige risasi kulungu wa milimani na kutundika pembe zao ukutani, na mswada haukuwagusa. Wakiwinda wao, ni utunzaji wa mazingira na desturi ya wazee. Tukiuza sisi kibali cha uwindaji, ni unyama. Ndiyo maana mwezi Aprili 2024 Rais Masisi wa Botswana aliwaambia Wajerumani ya kwamba atawapelekea ndovu 20,000 wakaishi nao, waone. Watu walicheka. Mkulima aliyelala juu ya dungu akilinda mahindi hakucheka.

Lakini chama kisichojisema chenyewe hakifai kuwasema wengine. Ndovu wetu walikuwa 109,000 hivi mwaka 2009. Mwaka 2014 walibaki 43,000. Hawakuuawa na wapenda wanyama wa London. Waliuawa na tamaa, na sehemu ya tamaa hiyo ilisema Kiswahili. Kanda yetu hii ya Ziwa iliwaona ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kama wanyama kwa ajili ya ushirikina, na wako majirani waliojua wakanyamaza. Na mwezi Juni 2022, kule Loliondo, kuwekwa kwa mipaka ya kilomita za mraba 1,500 kulileta mapambano: polisi mmoja akauawa na wananchi wakajeruhiwa. Mkoloni alikuwa akichora mstari kwanza na kuuliza baadaye. Sisi tuliojitawala hatuna ruhusa ya kurithi kalamu hiyo.

Na pale wapenda wanyama walipokuwa na haki, tuseme. Biashara ya ngozi za punda ilipoingia Afrika, hata Shinyanga palikuwa na machinjio ya punda. Punda wa maskini wakaibwa usiku, na mama aliyekuwa akichotea maji kwa punda akarudi kubeba kichwani. Waliomwonea huruma punda na waliomwonea huruma mama walisimama upande mmoja, na mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika, huko Addis Ababa, wakaipiga marufuku biashara hiyo kwa miaka 15. Hakuna aliyefukua kaburi wala kutishia watu. Huo ndio mfano.

Mfano mwingine uko hapa Butimba. Chanzo kipya cha maji, kilichojengwa kutoa lita milioni 48 kwa siku, kilianza kazi mwaka 2023. Fedha nyingi zilikuwa mkopo wa benki ya Ulaya na shirika la Wafaransa. Kwa hiyo si kila Mzungu ni adui, na mkopo tutaulipa. Kila bomba linalofunguliwa mtaani ni mtoto mmoja zaidi asiyeshuka ziwani alfajiri, na ni mamba mmoja zaidi asiyepigwa mkuki kwa kisasi. Anayempenda mamba kweli, na achange bomba.

Basi sisi twataka mambo matatu. La kwanza, fidia ya mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama iwe fidia ya mtu, itolewe upesi, isiwe sadaka ya kumfuta machozi huku yakiendelea kutiririka. La pili, asikatiwe mtu ardhi wala ziwa kwa ajili ya mnyama kabla hajaulizwa na jibu lake likasikilizwa. La tatu, anayekuja kutuhubiria haki za wanyama aje na kipimo kimoja: furu na simba, kulungu wa Scotland na ndovu wa Botswana, na juu ya wote hao, mwanadamu.

Nasi wanachama tusingoje. Kila tawi la mwambao liwe na daftari la walioshambuliwa: jina, siku, mahali, na kama wafiwa walilipwa au hawakulipwa. Mamba ana mikataba, ana mawakili, ana picha zake duniani kote. Mtu wa ziwani na awe walau na daftari, na tawi lililo tayari kulipeleka mbele na kulisoma kwa sauti.

Yule mama wa alfajiri hana chuki na mamba. Ataka ndoo yake irudi nyumbani, na mtoto wake airudishe.